Uandaaji wa kurasa kwenye seva

Uandaaji wa kurasa kwenye seva (kifupi: SSR) ni njia ya kujenga tovuti ambapo seva hukamilisha ukurasa wote wa HTML, pamoja na maandishi yake, kabla ya kuutuma kwa aliyeuomba. Kinyume chake ni uandaaji kwenye kivinjari: seva hutuma ukurasa mtupu pamoja na programu ya JavaScript, na programu hiyo ndiyo huujaza ukurasa ikiwa tayari ndani ya simu au kompyuta ya msomaji.

Kwa msomaji mwenye simu nzuri na mtandao wa kutosha njia hizi mbili huonekana sawa. Tofauti hujitokeza pale ukurasa unapoombwa na programu isiyoendesha JavaScript. Mfano unaojulikana zaidi ni roboti za viungo, yaani programu zinazosoma ukurasa kwa niaba ya WhatsApp, Facebook, Telegram na huduma nyingine ili kutengeneza onyesho la awali: kile kisanduku chenye picha, jina la ukurasa na maelezo mafupi kinachojitokeza pamoja na kiungo kilichotumwa. Baadhi ya waandishi huziita "boti", lakini neno hilo kwa Kiswahili ni chombo cha majini tangu zamani. Hapa linatumika neno roboti.

Jinsi ukurasa unavyomfikia msomaji

Kivinjari kinapofungua anwani hutuma ombi kwa seva na kupokea hati ya HTML. Hati hiyo ina sehemu mbili kuu. Kichwa cha hati hakionekani katika ukurasa wenyewe. Hubeba taarifa kuhusu ukurasa, kama vile jina lake na usimbaji wa herufi zake. Mwili ndio msomaji anaousoma. Katika tovuti iliyoandaliwa kwenye seva, sehemu zote mbili hufika zikiwa zimejaa.

Katika programu ya ukurasa mmoja (kifupi: SPA) mambo ni tofauti. Mwili wa hati huwa na kisanduku kimoja kitupu na agizo la kupakua faili la JavaScript. Kivinjari hulipakua faili hilo, huliendesha, hutuma maombi mengine kwa seva ili kupata data, kisha huandika maandishi ndani ya kisanduku. Ni kama mgeni aliyekaribishwa chakula akapewa unga, maji, sufuria na mwiko badala ya ugali. Mwenye jiko atasonga mwenyewe na kushiba. Asiye na jiko ataondoka na njaa, na roboti ya kiungo ni mgeni asiye na jiko.

Roboti ya kiungo husoma nini

Mtu anapobandika kiungo katika WhatsApp, simu yake yenyewe ndiyo huenda kuusoma ukurasa kabla ujumbe haujatumwa. Sababu ni kwamba ujumbe wa WhatsApp hufumbwa kwenye simu ya mtumaji na kufumbuliwa kwenye simu ya mpokeaji tu, hivyo seva za kampuni haziwezi kujua ni kiungo gani kimo ndani yake. Onyesho linalopatikana huambatanishwa na ujumbe. Kwa hiyo mpokeaji huona jina la ukurasa hata kama bando lake ni la WhatsApp peke yake na hawezi kuufungua ukurasa wenyewe. Na bando lililotumika kuusoma ni la mtumaji. Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki kisanduku hicho kidogo ndicho chote watakachokiona cha tovuti husika.

Facebook, Telegram na X (zamani Twitter) hufanya vingine. Kwao ni roboti iliyo katika seva za kampuni inayokwenda kwenye tovuti, nayo huhifadhi ilichokiona ili kisitafutwe upya kila kiungo kinapotumwa.

Katika hali zote hizo roboti hupokea hati ya HTML, husoma mistari michache ya kichwa chake na kuondoka. Kuendesha JavaScript kungehitaji kivinjari kizima, kumbukumbu nyingi na sekunde kadhaa za kusubiri kwa kila kiungo, na onyesho linatakiwa litokee wakati mtu bado anaandika ujumbe wake.

Mistari inayosomwa hufuata zaidi itifaki ya Open Graph, iliyotangazwa na Facebook mwezi Aprili 2010. Itifaki hiyo hudai taarifa nne za lazima: og:title, ambayo ni jina la ukurasa, og:type, aina yake, og:image, anwani ya picha, na og:url, anwani rasmi ya ukurasa. Maelezo mafupi, yaani og:description, si ya lazima, lakini onyesho lisilo nayo huwa kavu. Twitter ilileta tagi zake yenyewe mwaka 2012, ingawa roboti yake husoma za Open Graph pale ambapo zake hazipo. Anwani ya picha hutakiwa kuwa kamili, kuanzia https, na Facebook hupendekeza picha ya pikseli 1200 kwa 630.

Mfano wa Nyakato

Jina Nyakato hufaa kuonyesha tatizo lilivyo. Nyakato ni kata ya Manispaa ya Musoma katika Mkoa wa Mara. Lakini ipo pia Nyakato ya Ilemela huko Mwanza, na Mkoa wa Kagera nao una Nyakato yake.

Tuseme ipo tovuti ya kata zote za Tanzania iliyojengwa kama programu ya ukurasa mmoja. Msomaji wa Musoma anafungua ukurasa wa kata yake, anaona jina, ramani na orodha ya shule, ananakili anwani na kuituma katika kundi la wazazi. Simu yake inaiomba seva anwani hiyo. Seva haina ukurasa wowote wa Nyakato. Ina ganda moja tu linalotumika kwa tovuti nzima, nayo inalitoa. Katika kichwa cha ganda hilo pameandikwa "Orodha ya Kata" na kuwekwa nembo ya tovuti. Kundi la wazazi linaona "Orodha ya Kata". Mtu wa Mwanza akituma kiungo cha Nyakato ya kwao, wenzake nao wanaona "Orodha ya Kata". Viungo viwili vya sehemu mbili tofauti vinafika vimevaa sare moja, na asiye na bando la kuvifungua hana njia ya kuvitofautisha isipokuwa kwa kusoma herufi za anwani.

Kosa hili huwasumbua wajenzi wa tovuti kwa sababu wao hawalioni. Wakifungua ukurasa kwenye kivinjari, jina la Nyakato limeandikwa vizuri juu ya dirisha, kwa kuwa JavaScript imekwisha kulibadilisha. Hata zana ya ukaguzi iliyo ndani ya kivinjari huonyesha tagi sahihi, maana inachoonyesha ni hati baada ya JavaScript kufanya kazi yake. Ili kuona kile roboti inachokiona ni lazima kufungua msimbo-chanzo kama ulivyotoka kwenye seva, au kuuomba ukurasa kwa programu isiyoendesha JavaScript, kama curl. Facebook nayo ina zana iitwayo Sharing Debugger, ambayo huonyesha kilichosomwa na kuifanya roboti isome upya. Bila hatua hiyo onyesho la zamani laweza kuendelea kutokea hata baada ya tovuti kurekebishwa, na mjenzi akadhani marekebisho yake hayakufaa.

Historia

Mtandao wa WWW, uliobuniwa na Tim Berners-Lee huko CERN mwaka 1989, ulianza kwa kurasa zilizokamilika. Lugha kama PHP, iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf na kutolewa mwaka 1995, zilirahisisha kuandaa kurasa hizo kwenye seva kutoka kwenye hifadhidata. Mwaka huohuo Brendan Eich wa Netscape aliandika JavaScript kwa takribani siku 10, kwa lengo dogo la kuupa ukurasa uhai kidogo ndani ya kivinjari. Hakuna aliyekuwa akifikiria kuujenga ukurasa mzima kwa lugha hiyo.

Mabadiliko yalikuja na huduma kama Gmail (2004) na Google Maps (2005), ambazo zilibadilisha yaliyomo kwenye ukurasa bila kuupakia upya. Zikafuata zana za kujengea programu za ukurasa mmoja: AngularJS mwaka 2010, React ya Facebook mwaka 2013 na Vue mwaka 2014.

Hasara zake zilionekana mapema. Twitter ilihamishia uandaaji wa kurasa kwenye kivinjari mwaka 2010, na anwani zake zikawa na alama za #! katikati. Kwa kanuni ya intaneti, chochote kilicho baada ya alama ya # hakitumwi kwa seva kabisa. Hubaki kwenye kivinjari. Seva ilikuwa haijui ni ukurasa gani ulioombwa, hivyo hata kama ingetaka kuuandaa isingeweza. Google ilikuwa imependekeza mwaka 2009 utaratibu maalumu wa kuzisoma anwani za namna hiyo, kisha ikauacha mwaka 2015. Mwezi Februari 2011 tovuti za kampuni ya Gawker nchini Marekani, zilizokuwa zimehamia mtindo huo, ziligeuka kurasa nyeupe baada ya JavaScript yake kushindwa kufanya kazi. Mwezi Mei 2012 Twitter ilirudisha uandaaji kwenye seva na kueleza kwamba muda wa kufungua ukurasa kwa mara ya kwanza umeshuka hadi sehemu moja ya tano ya ulivyokuwa.

Kilichowezesha kurudi huko bila kuitupa JavaScript ni Node.js, iliyoundwa na Ryan Dahl mwaka 2009, ambayo huendesha lugha hiyo nje ya kivinjari. Msimbo uleule ungeweza sasa kuandaa ukurasa kwenye seva na kuendelea nao kwenye simu. Fremuweki za Next.js (kwa React) na Nuxt (kwa Vue), zote za mwaka 2016, ziliifanya kazi hiyo kuwa ya kawaida.

Roboti ya Google ya utafutaji sasa huendesha JavaScript, na tangu 2019 hutumia toleo la karibuni la Chromium. Jambo hili limewapotosha wengi. Tovuti hupatikana vizuri kwenye Google, na mwenye nayo huamini kwamba roboti zote huisoma, kumbe zile za viungo bado huambulia ganda.

Njia zinazotumika

Katika SSR kamili, kila ombi linapofika seva huendesha msimbo, hupata data na kutuma ukurasa uliojaa. Kivinjari huonyesha maandishi mara moja, kisha hupakua JavaScript na kuuamsha ukurasa ili vitufe vyake vianze kufanya kazi. Gharama iko kwa mwenye seva, maana kazi iliyokuwa ikifanywa na simu elfu moja sasa inafanywa na mashine yake.

Pale ambapo taarifa hazibadiliki mara kwa mara, kurasa zote zinaweza kuandaliwa mapema na kuhifadhiwa kama mafaili. Kwa orodha ya kata njia hii inatosha kabisa, kwani kata haibadilishi jina kila siku.

Njia ya bei nafuu zaidi ni kuliacha ganda kama lilivyo na kuiagiza seva ibadilishe tagi za kichwa tu kulingana na anwani iliyoombwa. Mwili hubaki mtupu, lakini onyesho la kiungo hutoka sahihi. Ni dawa ya ugonjwa mmoja: roboti zinaridhika, na msomaji mwenye simu dhaifu anaendelea kutazama ukurasa mweupe.

Ipo pia njia ya kubagua wageni. Kila programu inayoomba ukurasa hujitaja kwa jina. Ya Facebook hujiita facebookexternalhit, ya X hujiita Twitterbot, na ya Telegram hujiita TelegramBot huku ikiongeza maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kama TwitterBot", ili tovuti zilizokwisha kuizoea roboti ya Twitter ziipokee nayo. Seva ikiona jina la roboti hutuma ukurasa ulioandaliwa kwa kivinjari kisicho na dirisha. Ikiona binadamu hutuma ganda. Google ilipata kuipendekeza njia hii mwaka 2018, lakini baadaye ikaieleza kuwa ni suluhisho la muda tu. Udhaifu wake ni orodha ya majina: roboti mpya isiyokuwamo hupewa ganda.

Afrika Mashariki

Mfano mkubwa wa kurasa zilizoandaliwa mapema nchini Tanzania ni matokeo ya mitihani ya taifa. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) limetoa matokeo ya kidato cha nne kama kurasa za kawaida za HTML, ukurasa mmoja kwa kila kituo, na namba ya kituo, kama ile inayoanza kwa herufi S kwa shule, ndiyo jina la faili. Kurasa hizo hazivutii macho. Lakini hufunguka kwenye simu ya aina yoyote, seva haina la kufanya zaidi ya kulitoa faili, na kila shule ina anwani yake inayoweza kutumwa. Zaidi ya hayo, mafaili ya namna hiyo hunakiliwa kirahisi. Tovuti ya Maktaba ya shirika la TETEA imehifadhi nakala za matokeo ya miaka iliyopita. Matokeo yanayojengwa na JavaScript ndani ya kivinjari yasingehifadhiwa kirahisi hivyo.

Wikipedia, ikiwa ni pamoja na ile ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003, huandaliwa kwenye seva kwa programu ya MediaWiki iliyoandikwa kwa PHP. Kiungo cha makala ya Nyakato ya Musoma hufika kwenye kundi kikiwa na jina lake, na makala yenye picha hubeba pia picha.

Roboti si wageni pekee wasio na jiko. Kivinjari cha Opera Mini, kilichotolewa duniani kote mwaka 2006 na kupendwa sana Afrika kwa kuokoa bando, hakiuandai ukurasa kwenye simu. Seva za Opera huufungua, huubana na kuutuma ukiwa mwepesi. JavaScript huendeshwa huko kwa muda mfupi tu, kwa hiyo programu ya ukurasa mmoja mara nyingi hufika nusu au haifiki. Vilevile huduma ya Internet.org ya Facebook, iliyoingia Tanzania kupitia Tigo mwezi Oktoba 2014 na Kenya kupitia Airtel mwezi uliofuata, na baadaye kuitwa Free Basics, iliwataka wenye tovuti wahakikishe kurasa zao zinafanya kazi bila JavaScript. Tovuti iliyotimiza sharti hilo ilikuwa, pasipo kukusudia, imekwisha kuzitosheleza roboti za viungo.

Masuala ya Kiswahili

Tovuti nyingi za lugha mbili huchagua lugha kwa JavaScript baada ya kuitazama lugha ya simu. Roboti haina lugha, basi hupewa ile ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni Kiingereza. Ndiyo maana ukurasa wa Kiswahili huweza kufika kwenye kundi ukiwa na jina la Kiingereza. Tiba yake ni kuipa kila lugha anwani yake na kuandaa tagi kwenye seva kwa lugha hiyo.

Kosa jingine ni la ritifaa. Tagi za HTML hufungia maneno ndani ya alama za kunukuu, na baadhi ya wajenzi hutumia alama moja badala ya mbili. Jina kama Nyang'hwale, wilaya ya Mkoa wa Geita, likiwekwa hapo bila kusimbwa, roboti huona ritifaa kuwa ndiyo mwisho wa jina, na onyesho husomeka "Nyang" tu. Likisimbwa mara mbili, katikati ya jina hutokea ' badala ya ritifaa. Fremuweki kubwa hulizuia kosa la kwanza zenyewe. Tagi zinazounganishwa kwa mkono ndizo hunaswa.

Maonyesho ya uongo

Kilichomo katika onyesho ni maneno ya mwenye ukurasa. Roboti haihakiki chochote: ukurasa ukisema og:title yake ni matokeo ya kidato cha nne au nafasi za ajira serikalini, hivyo ndivyo kundi litakavyosoma. Njia ya kubagua wageni huongeza hatari, kwa kuwa seva inayoitambua roboti inaweza kuipa ukurasa wa heshima na kumpa binadamu ukurasa wa kumwibia nywila. Mwaka 2017 Facebook iliwaondolea watumiaji uwezo wa kuandika upya jina na maelezo ya kiungo wanachochapisha, lakini hatua hiyo ilizuia udanganyifu wa anayetuma tu; mwenye tovuti bado huandika atakacho.

Sehemu ya onyesho isiyotoka kwenye tagi hizo ni jina la kikoa, ambalo WhatsApp huliandika kwa herufi ndogo chini ya maelezo. Nchini Tanzania vikoa vinavyoishia na .go.tz hutolewa kwa taasisi za serikali pekee. Herufi hizo husomwa kuanzia mwisho: anwani ambayo ina neno necta au go.tz mwanzoni lakini inaishia kwa kikoa kingine si ya serikali, hata kama picha na jina vilivyo juu yake ni vya serikali.